Mitambo ya jaa huuawa na kilichoingia ndani

Ukiletwa jaani kutoka kazi ya barabara, iwe wewe ni opereta, fundi au msimamizi, jua kwamba mengi uliyoyazoea huko hayatakufaa hapa. Buldoza inayosukuma udongo kule Kangundo Road na ile inayosukuma taka katika jaa la Dandora, Nairobi, zinaweza kuwa za aina moja, na bado zikafa vifo tofauti. Udongo hula chuma polepole kwa nje. Taka huingia ndani: waya, springi za magodoro, kamba za nailoni, vitambaa, nyuzi za magunia. Mitambo mingi ya jaa hulala kwa sababu hiyo kabla uzee haujaifikia.

Nayo kazi ya hapa haina siku ya kupumzika. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yangali yanakuja. Kwa hivyo nafasi ya kumwaga taka ya kesho hutengenezwa leo na mashine. Buldoza ikizimika asubuhi, foleni ya malori hufika barabarani, na taka ya mitaani haizolewi.

Watu husisitiza ukaguzi wa asubuhi, na ni sawa, lakini mimi nauthamini zaidi usafishaji wa jioni. Waya uliojizungusha kwenye ekseli jioni ni rahisi kuukata kwa koleo. Ukiachwa siku kadhaa utakuwa umekula sili, ile pete inayozuia oili, oili itavuja, na gia za mwisho zinazozungusha cheni ya kutembelea zitasagika. Hiyo ni gharama ya kukausha bajeti ya robo mwaka. Kwa hiyo kila jioni opereta na msaidizi wake wachukue kisu, koleo, mkasi wa chuma na kulabu, wazunguke mtambo pande zote mbili. Mabamba ya chini ya injini nayo yafunguliwe mara kwa mara, maana humo hukusanyika karatasi na vumbi lililolowa oili.

Hapo ndipo moto huanzia. Taka kavu ikigusa tabo (turbo ya injini) au ekzosi, huwaka. Wengi hudhani hatari ni mtambo ukiwa kazini, kumbe hata baada ya kuuzima: feni imesimama, joto limebaki ndani, na hakuna mtu karibu. Acha injini ingurume polepole dakika tatu hadi tano kabla ya kuizima, kisha ondoa uchafu wote uliokaa karibu na sehemu za moto. Usiegeshe juu ya taka. Egesha kwenye udongo mtupu, mbali na mtambo mwingine. Na asiondoke kila mtu papo hapo. Mmoja abaki kama nusu saa, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu naye.

Rejeta, inayopoza maji ya injini, ni ugonjwa wa kila siku. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilitupunguzia kitu, lakini karatasi za mikate, manyoya ya kuku na vumbi bado huvutwa na feni. Puliza hewa ukielekeza kinyume cha inakoingia, la sivyo unashindilia uchafu ndani zaidi. Filta ya hewa ni kinyume chake: usiifungue kila siku kwa sababu tu una bidii, kwa kuwa kila ukiifungua vumbi hupata mlango. Fuata geji yake, inayoonyesha ikianza kuziba. Wala usiigongegonge kwenye tairi, na ile ya ndani haisafishwi kamwe, hubadilishwa.

Sevisi huhesabiwa kwa saa za injini, si kwa tarehe za kalenda. Kwa kawaida vipindi ni saa 250, 500, 1,000 na 2,000, lakini fuata kitabu cha mtambo wako, na kwa vumbi la jaa usione aibu kufupisha. Mita ya saa ikiharibika, hiyo itengenezwe kwanza, hata kama mashine inafanya kazi vizuri. Bila mita, kila mtu anabahatisha.

Kwa opereta: cheni ikazwe ikiwa na uchafu ule ule unaofanyia kazi, kwa sababu taka ikijazana kwenye meno ya gia inayoizungusha, cheni hukaza zaidi yenyewe. Kurudi nyuma kwa kasi huichakaza bure. Tandaza taka kwa tabaka nyembamba, chini ya nusu meta hivi, upite juu yake mara kadhaa. Kumbuka pia kwamba buldoza iliundwa isambaze uzito wake isizame, hivyo haishindilii sana. Ukiwa na mashine ya kushindilia yenye magurudumu ya chuma, iachie kazi ya kushindilia.

Juu ya yote kuna watu. Waokotaji wapo jaani kabla yako na watakuwapo baada yako, na lori likimwaga hawaangalii bamba lako la kusukumia. Usirudi nyuma bila mwashiriaji unayemwona kwa macho. Wasalimie, wafahamu viongozi wao, mkubaliane mahali pa kusimama. Ukiona wanakimbia ghafla, simama hapo hapo: huenda wameona mtungi wa gesi ndani ya taka.

Kabla ya mvua za Machi na zile za Oktoba, tengeneza njia ya kumwagia kwa murram na vifusi. Lori likikwama livutwe taratibu kwa mnyororo mzima uliofungwa mahali pake, watu wakiwa mbali, kwa sababu mnyororo ukikatika huruka.

Wewe msimamizi una adui wa ziada, karatasi. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na mwanzoni mwa mwaka mpya pesa hukawia. Filta, oili na sili za Julai ziagizwe mapema, na uandike namba kamili ya spea. Ukiandika "filta ya buldoza" utaletewa yoyote. Kwenye barua yako usilie kwamba mtambo ni mbovu. Andika saa ambazo umesimama na malori yaliyorudi bila kumwaga.

Dizeli nayo iandikwe kila siku, lita kwa saa za mita. Matumizi yakipanda, kunyonywa kunawezekana, lakini kabla hujamwita opereta ofisini tazama geji ya filta ya hewa, kagua mabomba ya dizeli kama yanavuja, na uangalie kama cheni imekazwa kupita kiasi.