Orodha ya marejeo ndiyo mlango wa kuingilia

Ukiuliza intaneti Wabudha wanasema nini kuhusu nafsi, jibu la kwanza huenda limeandikwa na muumini anayevuta watu, au na mpinzani anayewafukuza. Wote wana haki ya kusema, na maneno yao yana faida kama unachunguza jinsi waumini wanavyojieleza. Kwa uchambuzi wa dini au falsafa, kama wa insha, tafuta kwingine.

Mimi huanzia Stanford Encyclopedia of Philosophy, ensaiklopidia ya falsafa. Ni ya bure, ipo mtandaoni tangu 1995, na makala zake huandikwa na wataalamu na kukaguliwa na wenzao kabla ya kutoka. Makala yenyewe huipitia haraka. Ninachokiwinda kiko chini kabisa: orodha ya marejeo. Hapo mtu aliyeisomea mada hiyo kwa miaka amekwisha kukuchagulia vitabu. Chukua kimoja, kitafute Google Scholar, injini ya kutafutia kazi za kitaaluma, kisha fungua orodha ya kazi zilizokinukuu. Utawakuta waliokuja baada yake, wakiwemo waliombishia mwandishi.

Hao wabishi wasikupite. Mfano: mwaka 1969 John Mbiti, msomi wa dini kutoka Kenya, alitoa kitabu African Religions and Philosophy, akidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao karibu haupo. Ukiishia kwake, utaandika kana kwamba wasomi wote wameafiki. Ukisonga mbele utamkuta mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, akilipinga dai hilo kwa ushahidi wa Waakan, watu wa huko kwao, na Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, akiwalaumu wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwemo, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki, yaani kuieleza kwa dhana za Kigiriki. Hapo sasa una mjadala, na insha yako ina cha kusema.

Tazama pia umri wa tafsiri. Sacred Books of the East, juzuu 50 za tafsiri za Kiingereza za vitabu vitakatifu vya Mashariki, zilizohaririwa na Max Müller na kuanza kutoka 1879, zimejaa mtandaoni kwa sababu tu hakimiliki yake imekwisha. Nazisoma kwa raha, lakini nikitaka kunukuu natafuta tafsiri ya karibuni zaidi.

Ukigonga ukuta wa malipo, usikimbilie kutoa pesa. JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, ina akaunti ya bure ya kusomea makala kadhaa kila mwezi, na PhilPapers, faharasa ya mtandaoni ya kazi za falsafa, mara nyingine huonyesha nakala aliyoiweka mwandishi mwenyewe. Ikishindikana, mwandikie barua pepe fupi, utaje makala unayoitaka na sababu yake. Wengi hutuma, tena kwa furaha. Wasomaji wao si wengi kihivyo.