Waya usioujua ndani ya gari: tafuta ncha zake mbili kwanza

Gari la mtumba likifika Goma limekwisha kupita mikono mingi. Lilitoka Japan, likashushwa Mombasa au Dar es Salaam, likavuka mipaka, kisha likazunguka gereji za hapa mjini. Kila mkono umeongeza waya au umekata mmoja. Mnunuzi hupewa ufunguo na karatasi, lakini hakuna anayemwambia waya ule mwekundu chini ya usukani unakwenda wapi.

Halafu matatizo yanaanza. Betri inalala usiku, fizibo (fyuzi) inaungua bila sababu, honi inalia ukipiga indiketa. Fundi mwenye haraka huchukua koleo na kukata. Usimruhusu. Waya usikatwe mpaka zijulikane ncha zake zote mbili: unapotoa umeme na unapoupeleka. Magari mengi yanayokataa kuwaka baada ya "kusafishwa nyaya" yamekatwa waya ulioonekana wa ziada, kumbe ulikuwa umebeba kazi ya waya wa asili.

Inasaidia kujua mapema utakutana na nini. Gari la Japan mara nyingi huja na kisanduku kidogo cha kulipia barabara, chenye tundu la kadi. Huku hakina kazi, lakini kinakula umeme kila unapofungua kontakti, yaani swichi ya ufunguo. Redio ya huko hushika FM kuanzia 76 hadi 90 au 95 MHz, kwa hiyo nyuma yake mtu huweka kijisanduku cha kuhamisha masafa, na kinahitaji 12 V zake. Kuna pia vifaa vya kuwasha gari kwa rimoti. Juu ya hayo huongezwa ya kwetu: alamu, kifaa cha GPS, swichi ya siri dhidi ya wezi, taa za LED, feni ya rejeta iliyofungwa moja kwa moja, na siku hizi za umeme kukatika, invata ya kuchajia simu za nyumba nzima.

Waya wa asili una tabia yake. Una rangi na mstari wa rangi nyingine, umelala pamoja na wenzake ndani ya bomba la mikunjo, na umeshikwa na klipu kila baada ya sentimita chache. Waya wa kuongezwa una rangi moja, unapita mkato, umefungwa kwa skochi inayonata vidoleni, na mara nyingi umeishia kwenye domino, kile kiungo cha skrubu cha umeme wa nyumba. Ukiona kibano kidogo cha bluu kimeuma waya wa asili, hapo ndipo mtu aliiba umeme. Vibano hivyo hukata nyuzi kadhaa za shaba, unyevu unaingia, na waya unaoza kutoka ndani huku plastiki ikionekana nzima. Kwenye Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi karibu kila mara ni masi, yaani unaishia kwenye bodi. Ukikuta mtu ameupeleka upande wa chanya, tatizo limeanzia hapo.

Rangi mbili hazichezewi. Soketi na nyaya za njano chini ya usukani na karibu na viti ni za mifuko ya hewa: usizipime, usizichomeke taa ya majaribio. Kabla ya kufanya kazi karibu nazo, toa hasi ya betri usubiri angalau sekunde 90. Nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi, lenye injini na mota ya umeme, zina umeme mkubwa unaoua.

Anzia kwenye betri. Hesabu nyaya zilizobanwa kwenye nguzo ya chanya. Zilizo nyembamba na zisizo na fizibo karibu, ziandike. Fizibo inapaswa kuwa ndani ya sentimita 15 au 20 kutoka kwenye betri, la sivyo waya ukiguswa na bodi popote njiani utawaka moto wote. Fungua kisanduku cha fizibo ulinganishe na maandishi ya kifuniko. Nyekundu ni 10 A, bluu 15, njano 20, kijani 30. Palipoandikwa 15 pakiwa na ya kijani, mtu alishindwa na tatizo akaliongezea njia ya kuunguza gari. Kisha angalia chini ya usukani, pembeni mwa miguu pande zote mbili, nyuma ya redio, chini ya kiti cha nyuma karibu na pampu ya mafuta, na kwenye mpira wa bawaba za mlango wa nyuma. Mpira huo uukague kwa makini: nyaya zake hukatika kwa kukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na watu huvuta waya mpya juu ya dari badala ya kuunga uliokatika.

Betri inayolala hupimwa, haikisiwi. Bonyeza ulimi wa kufuli la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, na uweke ufunguo mbali. Toa waya wa hasi, kisha unganisha multimeta (kipimo cha umeme) kati ya waya huo na nguzo ya hasi, ncha nyekundu ikiwa kwenye tundu la 10 A. Mwanzoni itasoma juu kwa sababu kompyuta za gari zimeamka. Subiri dakika 30, hata 45. Gari zima kiafya hushuka hadi kati ya 20 na 50 mA. Ikibaki 300 mA, betri ya 45 Ah itaisha kwa saa 150, lakini demareri (stata) itakataa mapema zaidi, kama siku ya tatu. Usifungue kontakti wala usiwashe gari multimeta ikiwa hapo; demareri inavuta zaidi ya 100 A, na multimeta itaungua. Ukimaliza, rudisha ulimi wa kufuli kabla ya kufunga mlango.

Usichomoe fizibo ovyo kutafuta mwizi wa umeme, maana ukirudisha moja unaamsha kompyuta na kusubiri kunaanza upya. Weka multimeta kwenye milivolti, gusa vijichuma viwili vilivyo mgongoni mwa kila fizibo. Inayosoma 0.0 haipitishi kitu. Inayosoma chochote ina mtu anayekula. Fizibo zote zikiwa sifuri na bado umeme unatoka, mwizi yuko kabla ya kisanduku: waya wa moja kwa moja kwenye betri, au diodi iliyotoboka ya alternateri, mashine inayochaji betri.

Ukipata waya, ufuate kwa mkono. Uvute polepole upande mmoja, mwenzako aangalie unapotikisika upande wa pili. Bandika kipande cha karatasi chenye namba kila ncha, piga picha, chora. Kwa nyaya zinazokwenda kwenye kompyuta tumia multimeta peke yake. Taa ya majaribio inavuta umeme mwingi na inaweza kuua kompyuta. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja usiziunge chochote.

Kitu kinachowachanganya wengi ni rele nyeusi, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, iliyoning'inia chini ya usukani. Igeuze, usome namba za miguu yake. Nyaya nene kwenye 30 na 87, au 87a, zikiwa na rangi na mstari ule ule, jua ni waya mmoja wa asili uliokatwa katikati, kwa kawaida wa demareri au wa pampu ya mafuta. Miguu 85 na 86 inashika nyaya nyembamba za swichi ya siri, alamu au GPS. Kuichomoa rele hiyo peke yake kunaweza kuliacha gari limekufa; lazima ncha mbili za rangi moja ziungwe tena. Pima pia 85 na 86: koili ina ohmu 60 hadi 100 hivi, kwa hiyo rele iliyoachwa imewashwa usiku kucha inakula karibu 150 mA. Kama kuna GPS, muulize muuzaji akaunti yake ni ya nani, kwa sababu mwenye akaunti anaona gari lilipo na anaweza kulizima likiwa barabarani.

Huku kwetu masi ina adui wawili. Mitikisiko ya barabara za mawe ya volkano hulegeza nati, na vumbi jeusi likilowa mvua linakula shaba. Washa taa, gusa hasi ya betri kwa ncha moja na masi ya taa kwa nyingine: zaidi ya 0.2 V, fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Honi inayolia kwa indiketa mara nyingi inaponea hapo.

Katika kuunga, bana kwa koleo la kubania na ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Bati la kulehemu hufanya waya ukakamae, ukatikie pembeni kwa mtikisiko. Nyaya kadhaa zikiungwa pamoja, pishanisha viungo kwa sentimita 3 au 4 visigusane. Taa ya LED ya 120 W inavuta 10 A: ipe waya wa mm² 2, rele yake na fizibo ya 15. Waya mgumu wa nyumba, wenye uzi mmoja, uache nyumbani.

Kabla ya kuondoa kitu kabisa, kitenganishe tu na uendeshe siku tatu nne, usiku na mvua vikiwemo. Kinachobaki kiandike kwenye karatasi: rangi ya waya, fizibo yake, mahali unapopita. Ibandike ndani ya kifuniko cha kisanduku cha fizibo, fundi atakayefuata aikute.