Barua kwa Daktari: "Alama zimefifia, nitaenda kuonyesha nini?"

Swali: Shikamoo daktari. Wiki iliyopita mume wangu alinipiga, akanikaba na koo. Asubuhi yake nilioga, nikafua nguo nilizokuwa nimevaa, nikaenda kazini na blauzi ya mikono mirefu. Sasa mkono umegeuka manjano na shingoni hakuna kitu. Mdogo wangu ananihimiza nikapimwe. Nitaenda kuonyesha nini? Si nitaambiwa nimechelewa?
– Mama wa Wawili

Jibu: Marahaba, Mama wa Wawili. Nenda, tena nenda leo. Sikufichi, ungekuja siku ileile tungepata mengi zaidi. Ila kinachonifanya nikuharakishe si huo mkono. Ni koo, ambalo umelitaja kama jambo la kupita.

Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo iko karibu na ngozi ya shingo, na haihitaji nguvu nyingi kuibana. Mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kama 10, na mkono ukiachia, ngozi ikabaki safi kabisa. Watafiti waliopitia mafaili 300 ya kesi za kukabwa huko San Diego, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walikuta karibu nusu ya waliokabwa hawakuwa na alama yoyote ya kuonekana. Kwa hiyo mtu asikuambie "mbona shingo yako nzima", na wewe usijiambie hivyo.

Daktari anayeijua kazi hii hataishia kutazama shingo. Atakuuliza kama sauti ilikukwaruza, kama kumeza chakula kuliuma, kama macho yaliingia giza, kama ulipoteza fahamu hata kidogo, kama mkojo ulikutoka. Hilo la mkojo wengi hulificha kwa aibu, kumbe lina uzito mkubwa: linaonyesha huenda ulipoteza fahamu hata kama hukumbuki. Akikukuta mapema, atafunua kope, atazame nyuma ya masikio na ndani ya mdomo, akitafuta vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, ambavyo hutokea mishipa midogo inapopasuka kwa damu kushindwa kurudi. Ataangalia pia chini ya kidevu. Mara nyingi pale huwa na mikwaruzo ya kucha, na kucha zenyewe ni za aliyekabwa, alipokuwa anajaribu kuubandua mkono ili apate pumzi. Nimesikia wakili akisimama mahakamani kusema "alijikwaruza mwenyewe". Ndiyo, alijikwaruza. Muulize kwa nini.

Kuna jambo lingine ambalo halihusu kesi. Ukuta wa mshipa wa shingo unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye. Ukiona kichwa au shingo inauma isivyo kawaida, upande mmoja wa mwili unalegea, macho yanaona ukungu au pumzi inakuwa nzito, hiyo ni dharura. Usingoje fomu ya polisi, nenda hospitali.

Sasa mkono. Watu hudhani tunasoma rangi ya alama na kutaja tarehe. Hapana. Manjano inatuambia tu kwamba pigo si la saa chache zilizopita, kwa sababu kwa kawaida rangi hiyo haijitokezi kabla ya saa 18 hivi. Zaidi ya hapo, anayekutajia siku kamili kwa kutazama rangi anabahatisha. Na kwenye ngozi nyeusi rangi hujificha, kwa hiyo mimi hutumia mwanga mzuri na vidole: panapouma na palipovimba pia panaandikwa.

Umbo la alama hunisaidia kuliko rangi. Fimbo au bomba huacha mistari miwili sambamba, katikati pakiwa peupe, kwa sababu damu husukumwa pembeni. Vidole vilivyoshika kwa nguvu huacha madoa ya mviringo upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, mahali ambapo mtu hajigongi ovyo. Na majeraha ya upande wa kidole kidogo, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, ni ya mtu aliyenyanyua mkono kujikinga uso. Yote hayo huchorwa kwenye mchoro wa mwili, kwa vipimo. Kumbuka pia kwamba damu hushuka: pigo la kwenye paji la uso huweza kutokeza siku ya pili likiwa jicho jeusi. Ndiyo maana ninapenda mtu arudi baada ya siku moja au mbili nimtazame tena.

Leo kabla hujatoka nyumbani, mwombe huyo mdogo wako akupige picha. Moja ya mbali inayoonyesha uso na mkono pamoja, nyingine ya karibu, simu ikitazama alama moja kwa moja, rula ikiwa pembeni. Picha hizo msizipambe wala kuzikata. Na mzihifadhi mahali ambapo mumeo hafiki, si kwenye simu anayoishika. Kama kuna nguo ya siku ile iliyosalimika na sabuni, iweke kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki unyevu hukwama, ukungu ukaota na vinasaba vikaharibika.

Hukuniandikia kama alikulazimisha pia kitandani. Wengi hawaandiki, kwa kuwa ni mume. Kama ndivyo, mwambie daktari. Kwa msomaji ambaye limempata jana au juzi: dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Wewe muda huo umepita, lakini vipimo bado vina kazi. Na katika yote hayo una haki ya kukataa sehemu yoyote ya uchunguzi na kuendelea na nyingine.

Swali: Daktari, binti yetu alipata ripoti. Imeandikwa "majeraha yanalingana na maelezo yake". Tumekasirika. Kwa nini daktari hakuandika kwamba kapigwa na mumewe?
– Baba Mkubwa

Jibu: Mzee wangu, hasira yako naielewa, ila ripoti hiyo huenda ni nzuri kuliko unavyodhani. Daktari hakuwepo chumbani. Akiandika nani alipiga kana kwamba alishuhudia, wakili wa upande wa pili atamshika hapohapo, na ripoti nzima itayumba. Kazi yake ni kunukuu maneno ya binti kama alivyoyasema, likiwemo jina la aliyempiga, kisha kusema mwili unakubaliana nayo kwa kiasi gani.

Kiasi hicho kina ngazi. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza waliofanyiwa mateso, inazo tano, kuanzia "hailingani" hadi alama isiyoweza kutokea kwa njia nyingine. "Yanalingana" ni ya pili kutoka chini: pigo lingeweza kuacha alama hiyo, na mengine pia yangeweza. Tazameni kama ripoti ina michoro, vipimo na picha. Kama vimekosekana, hapo mna sababu ya kulalamika, na mnaweza kuomba daktari afafanue kwa maandishi.

Swali: Mimi ni mwanaume, mke ndiye ananipiga. Nikienda si nitachekwa?
– Kaka Asiyetaka Jina

Jibu: Unaweza kukutana na wa kucheka, kaka. Omba mwingine. Jeraha la mwanaume hupimwa kwa rula ileile. Ila usiseme "nimeanguka" mapokezini ukitegemea kusema ukweli ukiwa ndani. Maelezo ya kwanza huandikwa kwenye faili, na miezi baadaye hayo ndiyo yatakayosomwa kwa sauti mbele ya hakimu. Sema "nimepigwa nyumbani", kisha omba mazungumzo yaliyobaki yawe faragha.