Vyuma vya balkoni vikae juu

Ndugu wa Kisumu uliyeuliza kama fundi anaweza kulaza vyuma vikuu vya balkoni chini kama vya slabu (sakafu ya konkriti) ya sebule: hapana, mzuie kabla hajamwaga konkriti! Slabu ya sebule imeshikwa na bimu (mihimili) pande zote, kwa hivyo katikati panavutika upande wa chini. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu, inavutika juu, pale pale inapokutana na bimu, na konkriti peke yake haistahimili kuvutwa. Chuma kikiwa chini ni kama hakipo.

Hata vikipangwa sawa, chunga siku ya kumwaga. Niliona mtaani Mamboleo vijana wa karai wakivikanyaga hadi vikalala kwenye mbao za chini za kumwagia. Tulisimamisha kazi, tukavinyanyua, tukavifunga juu ya viti vya chuma, yaani vyuma vifupi vilivyokunjwa vya kuvishikilia juu.