Udongo mfinyanzi juu ya mwamba wa tope: usiuhesabu kuwa ni mbuga ya Usangu

Ndugu yangu wa Ileje, umeuliza kwa nini ekari 40 za familia yenu, zenye udongo wa kijivu cheusi unaopasuka nyufa za kuingiza kiganja wakati wa kiangazi, hukausha majani mapema kuliko kilima chenu cha kichanga kilicho jirani, ilhali wazee wote wanasema mfinyanzi hutunza maji. Umeeleza pia kwamba mlipochimba mashimo ya nguzo mlikuta, kwenye kina cha goti, mwamba wa kijivu unaobanduka kurasa kurasa. Sentensi hiyo ya mwisho uliiandika kama jambo la kupita tu, lakini kwangu ndiyo iliyobeba swali lote.

Nimekuwa bwana mifugo kwa miaka 26, kwanza Mbarali na baadaye Ludewa, katika bonde la mto Ruhuhu, na nilipohamia Ludewa nilifanya kosa ambalo ninaona nanyi mko karibu kulifanya. Niliona udongo mweusi wenye nyufa, miguu ikanasa matope mvua ziliponyesha, nikasema hii ni mbuga, yaani bonde tambarare la udongo mweusi wenye kina, kama ile ya Usangu kule Mbarali. Nikawashauri wafugaji idadi ya ng'ombe niliyoizoea Usangu, na ndani ya misimu mitatu sehemu kubwa ya malisho ilikuwa imebaki vipara.

Tofauti inaanzia chini. Tope la Usangu limeletwa na mito kutoka milimani kwa muda mrefu mno, likajaa bondeni, na ukichimba unaweza kwenda mita kadhaa bila kukutana na mwamba. Udongo wenu haukuletwa na mto, bali umezaliwa pale pale ulipo, kwa kuoza kwa mwamba ulio chini yake. Mwamba huo ni tope la maziwa na mabwawa ya kale lililogandamizwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, katika kipindi kile kile kilichotupatia makaa ya mawe ya Songwe-Kiwira kwenu na ya Mchuchuma kwetu. Kwa kuwa asili yake ni tope, mwamba huo unapooza hurudi kuwa tope. Niliwahi kuweka kipande chake kwenye kingo ya dirisha, nikawa ninakilowesha asubuhi na kukiacha kikauke juani. Kwa siku chache kiligawanyika vigae vyembamba, kisha vigae vikawa chembe, na mwishoni nilikuwa na kijiko cha mfinyanzi ulioteleza vidoleni.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Ni kweli kwamba mfinyanzi hushika maji mengi. Chembe zake ni ndogo kuliko sehemu mbili za elfu za milimita, na maji hujibana kati yake na juu ya nyuso zake. Lakini kushika si kutoa. Sehemu kubwa ya maji hayo yameshikwa kwa nguvu ambayo mzizi wa nyasi hauwezi kuishinda, hivyo unaweza kufinyanga donge lenye unyevu mkononi huku nyasi iliyosimama juu yake ikinyauka. Zaidi ya hapo, mvua ndogo ya milimita 10 ikianguka kwenye kichanga kikavu hushuka kama sentimita 10, ambako jua haliifikii kwa haraka. Ikianguka kwenye mfinyanzi mkavu huishia karibu sentimita 3 za juu, na kesho yake mchana imekwisha kurudi hewani. Hii ndiyo sababu kilima chenu cha kichanga hubaki kijani wiki kadhaa baada ya bonde kukauka, hasa mwaka wenye mvua haba za manyunyu.

Nyufa nazo zina tabia mbili. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba au Desemba huzikuta ziko wazi, na maji hushuka moja kwa moja hadi chini, jambo ambalo ni baraka. Baada ya hapo udongo huvimba, nyufa hujifunga, na kuanzia siku hiyo maji huingia polepole mno, kwa hiyo mvua ya Januari na Februari hutiririka juu na kwenda zake mtoni. Kwenye mbuga yenye kina, yale maji ya mwanzo huwa na ghala la kukaa. Kwenu ghala lina kina cha goti. Maji yakifika kwenye mwamba husimama au huteleza juu yake kufuata mteremko, kisha hutokeza ukingo wa chini wa shamba. Nenda ukaangalie ukingo huo mwezi Agosti. Ukiona utando mweupe juu ya ardhi, mahali ambapo ng'ombe hupenda kulamba na nyasi hazioti, ujue maji yamebeba chumvichumvi kutoka kwenye mwamba na kuiacha hapo yalipokauka. Kule Dakota ya Kusini, nchini Marekani, kuna nyanda kubwa za malisho juu ya mwamba wa aina hii uliotokana na tope la bahari, na huko chumvi na jasi ni nyingi zaidi kwa sababu hiyo. Wetu umetokana zaidi na maji baridi, kwa hiyo tatizo mara nyingi huwa vipande vipande, si shamba zima.

Kabla ya kufanya lolote, chimba mashimo matatu: moja juu, moja katikati na moja chini ya mteremko, ukitumia sururu hadi uguse mwamba unaobanduka. Pima kina na uangalie kuta za shimo. Ukiona mabamba ya udongo yenye nyuso laini zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, hapo udongo husuguana unapovimba na kusinyaa, na ndiyo sababu mizizi ya miti hukatika na nguzo za uzio hulala upande. Dondoshea siki kidogo kwenye udongo wa chini. Ukitoa mapovu, una chokaa. Kisha chukua donge kavu lenye ukubwa wa punje ya mahindi, litumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, usilitikise, na ulitazame kwa saa mbili. Likimomonyoka tu huku maji yakibaki safi, si neno. Maji yakichafuka na kuwa kama maziwa kuzunguka donge, udongo una sodiamu nyingi, na chembe zake huachana zenyewe zikikutana na maji.

Jaribio hilo la glasi nalisisitiza kwa sababu umetaja mpango wa kuchimba lambo. Katika kijiji kimoja cha Ruhuhu mkandarasi alijenga tuta la lambo kwa udongo wa namna hii bila kuupima, akaushindilia ukiwa mkavu, na kazi ikapokelewa kwa sherehe. Tuta lilikauka na kupasuka kiangazi kizima. Maji ya mvua za kwanza yaliingia kwenye ufa mmoja, yakayeyusha udongo kutoka ndani, na baada ya siku chache palikuwa na handaki la kupita mbuzi. Akina mama waliokuwa wameacha kwenda mtoni walirudi kubeba ndoo kwa umbali ule ule wa zamani. Iliniuma sana, kwa kuwa glasi moja ya maji ingetosha kutuonya. Ikiwa donge lenu litatoa maziwa, lambo bado linawezekana, lakini udongo wa tuta lazima uchanganywe na jasi, ushindiliwe ukiwa na unyevu, tabaka la sentimita 15 kwa wakati mmoja, na juu yake uvikwe udongo mwingine na nyasi ili usikauke hadi kupasuka.

Kuhusu idadi ya ng'ombe, usikubali makadirio ya mtu yeyote, pamoja na yangu. Mwishoni mwa mvua kata nyasi kwenye mraba wa mita moja, mahali kama kumi tofauti, zikaushe na uzipime. Tuseme umepata wastani wa gramu 200. Hiyo ni kilo 2,000 kwa hekta, na ekari zenu 40 ni takriban hekta 16. Nusu ya nyasi lazima ibaki, kwa kuwa ndiyo inayofunika udongo na kulisha mizizi. Mnabaki na kilo 16,000. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula zaidi kidogo ya kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, yaani karibu kilo 2,280 kwa mwaka, hivyo eneo hilo linabeba ng'ombe saba mwaka mzima. Najua mna wengi zaidi ya hao. Ndiyo maana kilima cha kichanga kisitazamwe kama ardhi duni: mifugo ikae huko mwanzoni mwa mvua, bonde lifungwe kama Wasukuma wanavyofunga ngitili, yaani malisho wanayoyatenga kwa ajili ya kiangazi, na lifunguliwe ardhi ikishakuwa ngumu chini ya kwato, nyasi zikiwa zimekwisha kutoa mbegu. Kwato kwenye mfinyanzi uliolowa hukanda udongo kama mtengeneza vyungu anavyoukanda, na ukikauka baada ya hapo huwa kama tofali ambalo mbegu haiwezi kulipenya.

Chimbeni mashimo hayo sasa, kabla ya mvua za Novemba, wakati nyufa zinaonekana. Ukipata vina vitatu na matokeo ya glasi, viandike hapa, ukitaja pia majina ya nyasi na miti inayoota kila sehemu, nami nitakuambia ni upande gani wa shamba ningeweka lambo. Sampuli za udongo unaweza kuzipeleka kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya. Chukua za juu na za chini kwenye mifuko tofauti, na usizichanganye na zile za ukingo wenye utando mweupe.