Mbwa mdogo anabweka kutwa: je, apigwe sindano?

SWALI: Daktari, nina mbwa jike aina ya Pomeranian, miezi minane, kilo mbili na nusu. Tunakaa fleti, ghorofa ya pili, huku Tudor, Mombasa. Nikienda kazini namwacha roshani apate upepo. Majirani wanasema anabweka tangu asubuhi hadi nirudi, na mwenye nyumba ameshanionya mara mbili. Jirani ameniletea kijana anayesema ana sindano ya kumtuliza, na ikishindikana anamjua mtu wa kumkata sauti. Ameniambia pia nimnyoe manyoya yote, eti joto ndilo linalomfanya mkali. Ni kweli mbwa wa aina hii hafundishiki?

JIBU: Dada yangu, huyo kijana wa sindano mwambie asirudi. Mengine tutayazungumza taratibu, hilo halina subira. Swali hili naulizwa na watu wa Nyali, Kizingo, hata Mtwapa, na karibu kila mara mwulizaji ameshapitia kwa mtu wa sindano kabla ya kunifikia mimi.

Kufundishika, anafundishika, tena upesi. Pomeranian ni wa ukoo wa spitz, mbwa wa kaskazini mwa Ulaya waliolinda nyumba na kuvuta mizigo kwenye theluji, na mababu zake walikuwa wakubwa mara kadhaa kuliko huyo wako. Karne ya 19 wafugaji wa Uingereza walikuwa wakipandisha wadogo kwa wadogo. Malkia Victoria aliporudi na vijibwa vya aina hii kutoka Italia mwaka 1888, udogo ukawa fasheni. Mwili ulipunguzwa, kazi ya ulinzi haikuondolewa. Kwa hiyo anayetaka Pomeranian asiyebweka kabisa amekosea mnyama, anunue samaki. Tunachotafuta ni abweke mara mbili tatu, umwambie basi, anyamaze.

Sasa hiyo roshani. Mwuza maji anapita na mkokoteni wake, mitungi inagongana. Mbwa anabweka, mwuza maji anakwenda zake. Bodaboda inasimama getini, anabweka, inaondoka. Mtoto wa jirani anapanda ngazi. Anabweka, nyayo zinapotea. Sisi tunajua wote hao walikuwa wapita njia tu. Yeye anaamini amewafukuza, na kila anayeondoka anamthibitishia kwamba kubweka kunafaa. Hivyo ndivyo anavyoshinda kutwa nzima, siku tano kwa wiki. Ukirudi jioni ukamkemea kwa kelele, yeye anaona umekuja kumsaidia kubweka. Ukimbeba kumbembeleza, umemlipa.

Mwondoe roshani leo. Mchana akae chumba kisichotazama barabara, feni ikizunguka, maji yawepo, redio kwa sauti ya chini. Kisha mfundishe ukiwa nyumbani. Rekodi kwa simu sauti ya mkokoteni na ya hatua za ngazini. Zicheze kwa sauti ndogo, kiasi kwamba anasikia lakini habweki, na papo hapo mpe kipande cha kuku wa kuchemsha, ukubwa wa punje ya choroko, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa). Ongeza sauti kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Akibweka, umeharakisha, ipunguze uanze tena. Dakika tano, mara mbili tatu kwa siku, zinamtosha. Na neno la kumnyamazisha liwe moja kwa watu wote wa nyumbani. Nyumba nyingi baba anasema basi, watoto wanasema shii, na dada wa kazi anamrushia ndara, halafu wote wanashangaa mbwa haelewi.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kwanza. Acha simu irekodi nusu saa ya mwanzo ukishatoka. Akilia mfululizo, akikwaruza mlango na kudondosha mate hata akiwa chumba kisicho na barabara, huo si ulinzi tena, ni hofu ya kuachwa peke yake, na tiba yake ni nyingine. Hapo mpeleke kwa daktari, na rekodi uichukue.

Kinachonikera hasa ni hii imani kwamba mbwa wa kilo mbili si mbwa. German Shepherd wa miezi minane akimngurumia mgeni, mkufunzi anatafutwa siku hiyo hiyo. Pomeranian akinguruma, watu wanacheka na kutoa simu wampige video. Anainuliwa akiwa usingizini, anapakatwa na mtu asiyemjua. Anageuza kichwa, analamba midomo, ananguruma, na hakuna anayemjali. Siku anapouma ndipo naambiwa hawa wadogo ni wakali kwa asili. Akichapwa kwa kunguruma ni vibaya zaidi, maana ataacha kunguruma na atauma bila taarifa. Na ukiuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, hana, kwa sababu eti hatoki nje! Jino dogo linapenya ngozi vilevile. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu na hapa kwetu hurudiwa kila mwaka. Aliyeumwa anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha anakwenda hospitali, awe ameumwa na Pomeranian wa fleti au mbwa koko wa Kongowea.

Turudi kwa watu wa sindano. Nyingi ya dawa wanazopiga ni za kulegeza mwili. Mbwa analala macho wazi, kimya, mwenye mbwa anashukuru. Lakini anasikia kila kitu na woga wake haujapungua, ila sasa hawezi kukimbia. Dawa hizo hushusha presha na kuuvuruga mwili usidhibiti joto lake, na kwenye chumba cha Mombasa mwezi wa Februari hilo laweza kumuua. Wengine hata sindano hawana. Wanasaga vidonge vya binadamu vya mafua, vile vinavyoleta usingizi, na kipimo wanakisia kwa jicho.

Kukata sauti ni kukata nyuzi za kooni. Kovu linaweza kuota na kubana njia ya hewa, na mlio wenyewe mara nyingi hurudi, safari hii wa kukwaruza. Mkataba wa Ulaya wa mwaka 1987 wa kulinda wanyama wa nyumbani unakataza jambo hilo. Mbwa hupoa kwa kuhema. Ukishambana koo katika hewa yetu ya unyevu, atapoa kwa njia gani? Kola za umeme nazo sitaki kuzisikia. Bomba la hewa la vijibwa hivi huwa laini, likilegea hutoa kikohozi kama mlio wa bata bukini, ndiyo maana hata kola ya kawaida nashauri isivutwe shingoni. Mtembeze kwa mkanda wa kifuani.

Kunyoa pia hapana. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, na yakinyolewa hadi ngozini huenda yasiote kwa miezi mingi, au yaote kwa mabaka. Mpige brashi, umtembeze kabla jua halijapanda.

Sheria ya mwaka 2011 hairuhusu mtu kufanya kazi ya udaktari wa mifugo bila kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwombe huyo kijana namba yake ya usajili. Wengi hapo ndipo wanapokumbuka wana safari.

Na wenye haraka kuliko hao ni wauzaji. Watoto wa mbwa wanauzwa wakiwa na wiki tano, kikapuni, kwenye maegesho ya magari, na mnunuzi anaambiwa hawakui zaidi ya hapo. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ndipo mbwa anapojifunza kipi ni cha kuogopa na kipi cha kupuuza, na kung'ata kwa kiasi anafunzwa na mama yake na ndugu zake. Aliyetolewa mapema akafungiwa chumbani analetwa kwangu akiogopa mwavuli, tuktuk, hata mkongojo wa mzee. Wako alinunuliwa na umri gani, hukuandika. Kama umeshauriwa umtafutie mwenziwe kwa kuwa anabweka kwa upweke, ngoja kwanza, utapata wawili wanaobweka. Na siku ukinunua, omba kumwona mama yake, mahali alipozaliwa, na kadi ya chanjo yenye mhuri wa daktari. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha hayo matatu, usimpe hata arbuni.