Kupima vijidudu kwenye udongo wa dampo uliochimbuliwa

Pole mkuu, umeuliza kwa nini ukihesabu bakteria kwenye sahani za maabara unapata wachache wakati udongo wenyewe wa dampo unanuka uhai. Shida ni hiyo njia, maana kwenye udongo bakteria wengi sana hawaoti kwenye sahani kabisa, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Mi ningeanza na upumuaji wa udongo, yaani kupima kaboni dayoksaidi ambayo vijidudu vinatoa. Chekecha kwa chekecheo la milimita 2, weka unyevu sawa kwa sampuli zote, afu weka kwenye chupa inayofungwa vizuri na kikombe kidogo cha sodiamu haidroksaidi ndani, kinanasa kaboni dayoksaidi, baadae unafanya titresheni (unadondosha asidi kidogokidogo kujua gesi kiasi gani imenaswa). Ila usipime siku hiyohiyo tafadhali!! Udongo ukishavurugwa vijidudu vinapata chakula kipya kilichofunguka, hiyo gesi inapanda ghafla, utadhani wako wengi kumbe ni vurugu tu, uache utulie kama wiki hivi. Na kama kuna vifusi vya chokaa au zege angalia sana, vinaweza kutoa au kunyonya hiyo gesi vikakuharibia hesabu.

Kujua wingi wao, fukiza udongo kwa mvuke wa klorofomu masaa 24 (unaua vijidudu, kaboni yao inaachiliwa), toa hiyo kaboni kwa mmumunyo wa potasiamu salfeti, linganisha na sampuli ambayo haijafukizwa, tofauti ndiyo inakuonyesha wingi wao.

Halafu chukua sampuli kwa kina tofauti, usichanganye, maana wale bakteria wanaokula methani (gesi inayotoka kwenye taka zinazooza) wanakaa pale methani inayopanda inapokutana na oksijeni inayoshuka, ukichanganya tabaka hutowaona.